Jiwe Ndani ya Mlango wa Mama Kavuo

Ukungu wa Butembo, mashariki mwa Kongo, haujaamka. Umelala juu ya mabati ya mtaa wa Mususa, umelala juu ya mikaratusi, na ndani ya karakana moja ndogo Christa Kavira amefumba macho.

Halali, anasikiliza. Juu ya meza, mashine ndogo kama kitanda cha mtoto mchanga inatembea yenyewe, kwenda na kurudi, ikiongozwa na kompyuta kuukuu. Kisu chake chembamba, ambacho hapa wanakiita mèche, kinazunguka na kuchora kilima kwenye ubao. Maranda yanaruka na kutua kwenye kitenge cha Christa. Harufu ya mvule imejaa chumba, na mtu angeweza kusinzia humo akaota yuko msituni.

"Ikiimba hivi, niko mu amani," ananiambia. "Ikianza kulia, tumekwisha."

Na kweli watakuwa wamekwisha. Mèche hiyo ndiyo ya mwisho, nyingine ziko njiani kutoka Kampala, barabara ikikubali. Ubao nao hauna wa pili.

Mwenye ubao amekaa kwenye kigoda pembeni, amejifunika shali. Ni Mama Kavuo, mjane aliyekimbia vita upande wa Beni. Alirudi kijijini mara moja tu, akakuta paa la nyumba limeng'olewa. Akachukua ubao wa katikati wa mlango, ule aliouchonga marehemu mumewe Ananie, akaufunga nyuma ya pikipiki. Sasa anataka ubao huo uchorwe kilima alichokuwa akikiona kila asubuhi akifungua mlango huo.

"Nyumba nimeacha, shamba nimeacha," anasema. "Kaburi ya bwana yangu iko kule. Mimi niko na hii tu."

Christa ana miaka thelathini na mmoja. Alianza kwa kuchonga majina kwenye misalaba ya makaburi, kwa patasi. Mashine aliipata kwa pesa za likelemba, ule mchango ambao akina mama wa parokia yake hupeana kwa zamu. Wiki nzuri humletea dola arobaini. Wiki ya umeme kukatika humletea viazi vya shangazi yake kutoka Musienene, basi.

Hakuna aliyemfundisha mwendo wa mashine. Alijifunza kwa kuunguza mbao.

"Niliogopa miti migumu," anacheka. "Donc, basi nikasema polepole ndio mwendo, vile mama yangu alizoea kusema. Yesu wangu! Moshi! Majirani bakakuja na ndoo ya maji!"

Kumbe mashine haina huruma na mwoga. Kisu kikizunguka kwa kasi huku mashine ikijivuta, hakikati tena, kinasugua palepale mpaka ubao unaungua. Ukiikimbiza mno, kisu kinatetemeka, kinalia, kinakatika. Mwendo wenyewe uko katikati, na kila mti una wa kwake. Christa huutafuta kwa sikio na kwa vidole, kwa kushika kinachotoka chini ya kisu. Kikiwa unga wa moto, anapunguza mizunguko au anaongeza mwendo. Yakiwa maranda yenye umbo, anauacha mwendo ulivyo.

Kwa mvule huu alikuwa ameweka mizunguko elfu kumi na mbili kwa dakika, na mwendo wa sentimita sabini kwa dakika hiyohiyo. Kina alitaka kiwe milimita moja kila kisu kinapopita. Kisha, kabla hajawasha, Mama Kavuo akaanza masimulizi.

"Ananie alichelewesha huu mulango, we! Tulioana, tukalala na pazia mu mulango wiki nzima. Namuuliza, eti muti ulikuwa na jiwe ndani, likavunja musumeno." Akapiga makofi. "Jiwe ndani ya muti! Wanaume na bongo yabo! Maisha yote akichelewa, hata ku soko, namuuliza: leo tena jiwe?"

Bongo hapa ni uongo, na wote tuliokuwa karakanani tulicheka. Christa hakucheka. Maseremala wazee walikuwa wamemwambia habari za mvule.

"Mama, alisema jiwe lilikuwa upande gani?"

"Aa, mwanangu, ilikuwa bongo tu!"

Christa akapunguza kina kiwe nusu milimita. Kazi ingechukua muda mara mbili. Akawasha, akafumba macho.

Kilima kinaota polepole kwenye ubao. Migomba inatokea, kisha kijia. Ndege ndogo inapita kuelekea uwanja wa Rughenda na ngurumo yake inafunika kila sauti, kwa hiyo Christa anasimamisha mashine, anasubiri anga linyamaze. Anawasha tena. Mama Kavuo amelegea kwenye kigoda, midomo yake ikitaja majina ya majirani wa zamani.

Ndipo wimbo unabadilika. Kidogo mno, mimi sikusikia kitu. Mkono wa Christa uko tayari kwenye kitufe.

Mashine inasimama.

Anainua kisu na kukitazama ncha: kizima. Anapuliza maranda, anapitisha brashi, anainama kutazama.

"Mama, kuya uone."

Kwenye mteremko wa kilima, ndani kabisa ya mti, kuna jiwe jeupe, kubwa kama harage. Mti wenyewe ulilizaa kwa utomvu wake, kama mivule ifanyavyo mara nyingine, miaka mingi kabla msumeno haujaugusa.

Mama Kavuo analigusa kwa kidole. Analisugua. Shali inateleza mabegani, naye haiokoti.

"Ananie," anasema kwa sauti ndogo. "Kumbe ulisema kweli."

Analia, kisha anacheka, kisha anashindwa kuchagua. Christa anamshika mabega, naye macho yake yamelowa.

"Nitalizungukia, Mama. Litabaki pale."

"Libaki. Wasingya, mwanangu." Ni asante ya Kinande, na anairudia mara kadhaa.

Christa anaota mashine kubwa zaidi, inayomeza mlango mzima, kwa ajili ya wote watakaorudi makwao siku moja wakakuta nyumba hazina milango. Ameshaanza tena kuweka likelemba. Nilipomuuliza mlango wa kwanza utakuwa wa nani, alimwonyesha mjane kwa kidevu.

Mama Kavuo alikuwa bado na kidole juu ya jiwe.

"Siku ya kurudi, utanifanyia mulango muzima," alimwambia. "Na ukichelewa, useme tu ni jiwe. Nitaamini."