Kanda Kumi na Nne za Bi Manyoya

Mwezi uliopita baba aliamua kuhama Bur Dubai, nami nikaenda kumsaidia kufunga mizigo. Lifti ilikuwa imeharibika, nikapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu, na nilipofika kwenye korido nikasimama. Mlango unaotazamana na wetu ulikuwa wazi. Ndani mlikuwa na vitanda vya ghorofa, sita au saba, mashuka yametundikwa kama mapazia, na vijana wanne wamekaa sakafuni wanakula wali. Mmoja akanikaribisha kwa ishara ya mkono. Nikamshukuru, lakini nikaendelea kuchungulia kupita kiasi cha adabu. Pale alipoketi yeye ndipo ilipokuwa televisheni.

Nikwambie mapema kwamba mimi si mtu wa kulilia ya zamani. Watu wakisema zamani watu walipendana, mimi huuliza: nani na nani, na umejuaje? Nilianza tabia hii kabla chuo kikuu hakijaniharibu zaidi. Bibi alikuwa akiniita Bi Kwanini. Kwa hiyo haya ninayokusimulia yachukue kwa tahadhari, kama ninavyoyachukua mimi.

Bibi aliletwa kutoka Unguja nilipokuwa na miaka tisa, baada ya babu kufariki. Baba alifanya kazi kwa wakala wa mizigo Deira, mama alikuwa katika duka la vitambaa, mimi shuleni. Mwanamke aliyezoea kukaa barazani na kujua nani kapita na kabeba nini, sasa dirisha lake lilitazama viyoyozi vya jengo la pili. Alisema hajapata kuona mji wenye watu wengi hivi usio na wapita njia.

Mkabala nasi alikaa mama wa Kidenmark, mjane, wa rika lake. Naye aliletwa na mwanawe, fundi wa mitambo ya meli, ambaye alikuwa safarini wiki nenda wiki rudi. Korido moja, mama wawili, wote wako hapa kwa viza za wana wao, wote wanangoja mlango ufunguliwe. Siku moja Bibi alikuwa anakaanga bajia, na harufu ikamtoa jirani nyumbani kwake akiwa na sahani tupu mkononi. Hakuwa na haya hata kidogo. Bibi akaniambia, "Mwambie aingie, asisimame mlangoni kama mtu wa posta."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi yangu ya kwanza. Jirani alijua Kiingereza, Bibi alijua Kiswahili na Kiarabu cha msikitini, na mimi nilikuwa katikati. Jirani alidhani "Bibi" ndilo jina lake, na hatukuona haja ya kumsahihisha.

Wakati ule mapumziko ya mji huu yalikuwa Ijumaa. Baba akitoka msikitini, tukishakula, nilikuna nazi kwa ajili ya vitumbua vya jioni, nikafagia, kisha nikabeba chupa ya kahawa ya tangawizi, nasi tukavuka korido. Jirani alitupokea na biskuti za siagi kwenye kopo la bati. Kiyoyozi chake kilinguruma kama lori linalopanda mlima, kwa hiyo televisheni ilifunguliwa sauti ya juu kabisa, ingawa kati ya watazamaji watatu ni mmoja tu aliyeelewa maneno.

Tulichotazama ni vichekesho vya zamani vya kwao. Jirani alikuwa na kanda za video kumi na nne ndani ya katoni la matufaha, na katika zote alikuwamo mwanamke mmoja. Kwao, mwanamke huyo alianzia kwenye maonyesho ya jukwaani ya kiangazi, nyimbo na mizaha ya kuwasuta wakubwa, ndipo watu wa filamu wakamchukua. Jirani alikuwa mvalishaji wake. Alimfunga vifungo, alimvisha mawigi, alimshikia glasi ya maji nyuma ya pazia, miaka na miaka. Jina la mwanamke huyo halikai kinywani mwa Mswahili, na Bibi, aliyemwona mara ya kwanza akicheza juu ya meza na manyoya ya mbuni kichwani, akamwita Bi Manyoya.

Alikuwa na uso unaochekesha kabla hajafanya kitu. Akiudhika, mdomo ulikwenda kando kwanza, macho yakafuata. Alikuwa mpishi, karani, mama mwenye nyumba, shangazi anayekuja kukaa siku mbili akakaa mwezi. Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyu ameishi kwenye nyumba ya watu wengi," alisema. "Haya hayafundishwi."

Desturi ya jirani ilikuwa kwamba mmoja wetu afumbe macho, atie mkono katonini, atoe kanda yoyote. Ijumaa hii Bi Manyoya alikuwa kizee, Ijumaa ijayo msichana, kisha mtu mzima tena. Mimi jambo hilo lilinikera. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na shuleni tulikuwa tumefundishwa kupanga vitu kwa mpangilio. Maisha ya mtu, niliwaambia, yana mwanzo. Kwa nini tunayatazama kama watu wanaochota mchele gizani?

Bibi akanitazama. "Haya, mke mwenzangu, yapange. Lakini usitazame uso, uso una poda. Tazama mikono."

Maboksi yalikuwa na jina lake tu, bila mwaka. Basi wiki mbili za likizo nilikaa sakafuni kwa jirani, nikazipeleka kanda mbele na nyuma, nikisimamisha picha kila mkono wake ulipoonekana. Jirani alikuwa anafuma huku akinitazama. Nilipomaliza, nikaandika namba kwa kalamu nyekundu, moja hadi kumi na nne, nikazisimamisha rafuni kama vitabu. Nilijiona msomi.

Tukaanza na namba moja. Ya kwanza ilikuwa ya manyoya, na tulifurahi. Lakini baada ya kanda nne au tano nikagundua kitu ambacho sikukikusudia. Zamani Ijumaa zetu hazikuwa na idadi. Sasa zilikuwa na mwisho, nao ulionekana pale rafuni kwa wino mwekundu.

Siku ya kanda ya sita Bibi alikwenda kuswali alasiri kwetu, na jirani akanishika mkono. Akaniambia kwamba mkataba wa mwanawe umekwisha. Wanarudi kwao, na huko atakaa katika nyumba ya wazee, chumba kimoja, chenye dirisha zuri, alisema, kama mtu anayesoma tangazo. Nikamuuliza kama nimwambie Bibi.

"Bado," akasema. "Tumalize kanda kwanza."

Sijui kama unakumbuka ilivyokuwa kubeba siri ya watu wazima katika umri ule. Mimi nilikuwa mdomo wa nyumba mbili, na sasa mdomo huo ulikuwa na kitu ambacho haukutakiwa kukitoa. Bibi hakuwa na rafiki mwingine katika mji mzima. Kila Ijumaa niliingiza kanda kwenye deki huku nikihesabu: nane, saba, sita. Mara mbili nilidai ninaumwa tumbo ili wiki ipite bila filamu. Bibi alinitengenezea chai ya mchaichai na hakuuliza swali.

Na katika mpangilio wangu Bi Manyoya alikuwa anapungua. Kwanza anacheza juu ya meza, halafu anachumbiwa, halafu ni karani, halafu mama mwenye nyumba, halafu shangazi, halafu jirani wa mtu fulani. Sehemu zake zikawa fupi. Katika kanda ya kumi na nne nywele zilikuwa nyeupe kabisa. Alifungua mlango amevaa glavu nyeupe za mtumishi, akaingia na trei ya kahawa, mgongo umeinama, akasema maneno manne, akatoka. Hakurudi tena. Filamu iliendelea karibu saa nzima bila yeye, na hakuna kati yetu aliyeinuka kuizima. Nilipogeuka nikaona wote wawili wanalia, kila mmoja anatazama mbele.

Jirani akazungumza polepole. Alisema siku ile yeye ndiye aliyemvalisha, kazi ilikuwa ya siku moja tu, na kabla yake Bi Manyoya alifanya mazoezi jikoni kwake kwa trei iliyojaa, mpaka vikombe visigongane. Nikamfasiria Bibi. Na hapa lazima nikiri: niliongeza. Nikasema, "Anasema hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya mwisho." Jirani hakusema hivyo. Mimi niliona kanda ni ya mwisho, basi nikaona ni haki kusema.

Bibi akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Mwambie alitembea vizuri na ile trei."

Nikamwambia. Jirani akatikisa kichwa kukubali, kisha akanigeukia: sasa mwambie lile jingine. Nikaanza kukusanya vikombe.

"Mwulize anaondoka lini," Bibi akasema.

"Umejuaje, Bibi?"

"Wiki tatu hizi kanipa sufuria, kanipa pasi, kanipa na maua yake. Mtu anayekaa anagawa pasi?"

Aliondoka Jumanne, na katoni lake la kanda akaondoka nalo. Bibi alimpa kopo lake la biskuti limejaa visheti. Walishikana mikono pale mbele ya lifti muda mrefu, kila mmoja anasema kwa lugha yake, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyenitazama ili nifasiri. Ijumaa iliyofuata Bibi alilala mchana kutwa. Haukupita mwaka akamwambia baba kwamba anataka kurudi kwao, na baba, ambaye hajapata kumshinda katika jambo lolote, akamkatia tiketi.

Miaka yote hii nimeamini kwamba kosa ni langu. Si safari, hiyo ilikuwa ya mkataba wa watu. Namaanisha kupanga. Niliwalazimisha wazee wawili kumtazama mwanamke wanayempenda akichakaa wiki baada ya wiki, wakati wao wenyewe walikuwa na la kwao.

Usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi funguo nilikaa juu ya boksi, nikalikumbuka jina lililokuwa kwenye zile kanda, nikalitafuta mtandaoni. Lilikuwapo. Filamu zake zote, mwaka kwa mwaka. Orodha yangu ilikuwa imekosewa kutoka juu hadi chini. Filamu ya trei ilikuwa ya nne. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, amevishwa wigi la mvi, kwa sababu jukwaani alikuwa bingwa wa kuigiza vizee tangu ujana. Na glavu zilinifichia ile mikono. Baada ya trei ndipo walipomwita kwa filamu ambazo jina lake linatangulia, zile za mama mwenye nyumba, zile za shangazi, na alichekesha watu mpaka uzeeni.

Na jirani ndiye aliyemvisha wigi lile. Alijua tangu siku nilipoandika namba.

Asubuhi nikampigia Bibi simu Unguja. Masikio yamepungua, ulimi bado. Nikamweleza yote, nikamwambia jirani alituacha tuamini uongo, na nikataka kujua kwa nini.

"Uongo gani?" akasema. "Mimi niliiona shingo yake siku ile ile. Shingo ya kizee haiwi vile."

"Sasa mbona mlilia?"

Nilisikia anahamisha simu sikio la pili. "Hatukumlilia yeye, mwanangu. Tulikuwa na letu."

Baba alifunga mlango, akampa mlinzi funguo. Ilikuwa Ijumaa, ambayo siku hizi ni siku ya kazi mpaka adhuhuri, na korido ilikuwa kimya, vijana wa mkabala wamekwenda zamu. Nilikuwa nimeamini kwamba kila kitu kati ya wanawake wale wawili kilipita kinywani mwangu. Sasa nadhani kilichopita ni kidogo sana, habari za sukari na za joto, na kwamba katika chumba kile mtu pekee aliyekuwa anatazama filamu nilikuwa mimi.