Mikaratusi ya Baba Juu ya Bwawa

Nitasema ukweli: yule mhandisi nilimchukia kabla hajafungua mdomo. Alikuja na kitabu chake, akaanza kupandapanda ukuta wa bwawa la baba kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

Bwawa lilikuwa la serikali, na watu wengi wa upande wa Kiganjo walikunywa maji yake. Lakini baba ndiye aliyelitunza tangu uhuru, na juu ya ule ukuta wa udongo alipanda mikaratusi, safu nzima. Kwetu hata mtoto anajua kwamba mti hushika udongo. Mmoja aliupanda wiki niliyozaliwa. "Huu ni wako, mama," alizoea kuniambia. Aliniita mama kwa kuwa nilipewa jina la mama yake.

Kila asubuhi alikinga kwa chupa ya jemu maji yaliyovuja chini ya ukuta, akayatazama juani. Yakiwa safi, alisema, bwawa linatoa jasho tu. Yakiwa na udongo, ukuta unaliwa kutoka ndani. Mwaka ule yalianza kuwa na rangi ya chai, na ni yeye mwenyewe aliyepeleka habari ofisini Nyeri.

Mhandisi alipomaliza alikuja kuketi nasi. "Mzee, nimeliweka katika kundi la hatari kubwa."

"Kwani mimi niko na kosa gani?"

"Kundi haliangalii kosa. Linaangalia walio chini. Ulipoanza kazi, kule chini kulikuwa na nyumba ngapi?"

"Hakuna. Ilikuwa malisho tu."

"Leo kuna nyumba, kanisa na shule ya nasari. Ukuta ukipasuka watu hawatapata muda wa kukimbia." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Na hii miti, mzee, ndiyo inautoboa. Maji yanafuata mizizi."

"Nilijua inashika."

"Shambani inashika. Hukuambiwa?"

"Miaka yote hii, hakuna aliyeniambia."

Nilimwambia yule kijana aende zake. Baba akanigusa mkono. "Mwache, mama. Ameniambia ukweli, na hata hajaniletea ile methali ya ufa na ukuta." Akacheka kidogo, kicheko kilichoniuma.

Maji yalipunguzwa, vibarua wakaletwa na misumeno. Baba alichukua shoka lake mwenyewe, akaanza na mti wangu. Nilikuwa mtu mzima, mwalimu huko Othaya, na bado nililia. Nikamwuliza kwa nini asianze na mwingine.

"Nikiuacha wa mwisho nitautafutia sababu," alisema. "Na pale nasari kuna watoto wa watu."

Visiki viling'olewa, mashimo yakajazwa udongo wa mfinyanzi. Baba alikuwa pale kila siku akiushindilia mpaka mgongo ukakataa. Mvua za masika zikaja, bwawa likajaa tena.

Asubuhi moja nikiwa nyumbani likizoni, aliingia na ile chupa, akaiweka mezani karibu na chai yangu. "Angalia wewe, mama. Mimi siyaamini macho yangu."

Niliiinua dirishani. Niliona vidole vyangu upande wa pili. "Ni safi, baba."

Aliketi, akavua kofia, akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia.

"Ningewaua wale watoto, mama," alisema. "Na ile miti nilikuwa nikiimwagilia maji."