Gari Lililoketi Langoni kwa Wakwe

Siku ile tulikuwepo mimi Nyaboke, ndugu yangu Makori aliyekuwa anatafuta mke, na Baba Mdogo Ondieki aliyekuwa msemaji wetu. Upande wa wakwe, kule Manga, walikuwepo Mzee Ombati, mkewe, binti yao Kerubo, na bibi yake Kerubo ambaye kila mtu alimwita Magokoro. Baadaye akaja fundi Bosire, na huyo, kama ningejua, ningemlipa asije. Nawataja wote mapema kwa sababu aibu ilikuwa yangu peke yangu lakini mashahidi walikuwa wengi, na mkikutana nao sokoni Nyakoe watawasimulia hata msipowauliza.

Mnajua wazazi wetu walituacha mapema, nikatoka shule darasa la saba nikashika jembe, halafu nikaanza kuuza ndizi, na Makori nilimlea tangu alipokuwa wa kufungwa mgongoni. Sasa amekua, anaendesha probox ya kubeba mizigo, amepata mchumba, na mtu wa kumpeleka ukweni ni mimi. Yote yalikuwa sawa mpaka niliposikia kwamba huko Manga wameuliza, "Hao mayatima watalipa mahari na nini?" Neno hilo lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nikaamua hatutaenda na probox yenye harufu ya mkaa. Tutaenda na gari la watu.

Gari lenyewe lilikuwa la Bwana Mose wa Kiogoro, mwenye hoteli ninayoipelekea ndizi. Kubwa, jeusi, viti vya ngozi, la miaka mingi kidogo, lakini ukiliosha linang'aa kama viatu vya mchungaji. Alikubali kuniazima, kisha akaanza masharti mpaka nikadhani ananikabidhi mgonjwa. Likipanda joto tusimame tuongeze maji. Taa ya manjano ikiwaka tusishtuke, huwaka kila siku. Dirisha la nyuma tusilifungue, halitarudi juu. "Na la mwisho, Nyaboke, gari hili halina springi za chuma. Limekalia mifuko ya hewa, na mmoja wa nyuma unavuja. Injini ikiwaka, pampu inaujaza. Ukizima, linaketi. Usizime mpaka muwe mahali tambarare."

Nikasema ndiyo, ndiyo, macho yangu yako kwenye viti vya ngozi.

Jumapili tukapanda Manga polepole, tukasimama mara mbili kulinywesha maji, tukafika. Kwa Mzee Ombati, langoni pana tuta la udongo na mawe la kuzuia maji ya mvua yasiingie uani. Magurudumu ya mbele yalikuwa yamekwisha kulivuka tulipowakuta wenyeji wamesimama mbele yetu wakiimba wimbo wa kutupokea, basi Makori akasimamisha gari hapo hapo, nusu ndani nusu nje, tuta likiwa chini ya tumbo, nasi tukajipenyeza nje kwa upande tukasimama nao (mimi na mwili huu niliuacha urembo wote wa nguo yangu kwenye nguzo ya lango). Wimbo ukaisha. Mzee Ombati akainua mkono. "Tuombe."

Injini ilikuwa inanguruma. Nikaona haya. Mtu anaomba Mungu na gari linamjibu!

"Makori, zima," nikanong'ona.

"Dada, tuliambiwa..."

"Zima, watu wanaomba!"

Kwetu neno nikilisema mara mbili halisubiri la tatu. Akazima.

Sasa, Mzee Ombati ni mzee wa kanisa. Aliombea safari yetu, akaombea mvua, akaombea bei ya majani chai, akawaombea wagonjwa wa mlima mzima mmoja mmoja kwa majina, na huko nyuma yangu nikasikia kitu kinapumua, psiii, taratibu kama mtu anayelala. Nikafikiri ni Baba Mdogo. Tuliposema amina na kufumbua macho, gari lilikuwa limeketi kwa makalio kama ng'ombe anayecheua, tumbo juu ya tuta, pua imeelekea mbinguni. Katika wote tulioomba, lenyewe ndilo lililopiga magoti.

Makori akaliwasha. Pampu ikakoroma, ikalia, ikatoa harufu ya kitu kinachoungua, ikanyamaza. Tukasukuma. Wapi!

Magokoro akalizunguka na fimbo yake, akaligonga ubavuni. "Mlikuja kuchukua msichana," akasema, "kumbe mmetuletea wa kukaa."

Makori akampigia simu fundi Bosire, nasi tukaingizwa ndani kuzungumza mahari. Dirishani ilionekana ile pua nyeusi inayong'aa, na Mzee Ombati akaitazama kwa muda.

"Watu wa gari kama hilo," akasema, "nikiwatajia ng'ombe wachache nitakuwa nimewatukana. Tuseme kumi na wawili."

Baba Mdogo alipaliwa na chai. Kwetu tulikuwa na ng'ombe wawili, na matumaini ya wengine. Makori akaniangalia, Kerubo akaangalia chini, na mimi nikajiona nimebanwa kama lile gari: nikisema si letu, ndio hao mayatima waliosemwa, nikinyamaza, mtoto wangu anakosa mke kwa ajili ya viti vya ngozi. Kabla sijachagua, sauti ikatoka langoni.

"Ala! Si huyu mnyama wa Bwana Mose wa Kiogoro? Nilimkataza asimwazime mtu tena!"

Alikuwa Bosire. Nyumba nzima ilisikia. Wala hakuishia hapo, akaendelea kutangaza akiwa amelala chini ya gari: mfuko umepasuka, pampu imeungua, na pampu peke yake ni bei ya ng'ombe wa maziwa. "Haya magari yakiwa mapya ni ya tajiri," akasema, "yakizeeka ni ya fundi!"

Magokoro ndiye aliyecheka kwanza, mpaka leso ikamdondoka.

"Nyaboke," Mzee Ombati akaniita, "kumbe gari si lenu?"

Wanawake hatusemi kwenye kikao kile, lakini nikasimama. "Si letu, mzee. Letu ni ng'ombe wawili na mikono yangu. Nilisikia mmeuliza mayatima watalipa na nini."

Mama yake Kerubo akanijibu kabla ya mumewe. "Swali letu lilitaka jibu, Nyaboke. Halikutaka gari."

Bahati nzuri ng'ombe wao walikuwa wamerudi kutoka malishoni, wanalia nje ya lango wakitaka kukamuliwa, na njia imezibwa. Mzee Ombati akavua koti la suti, akachukua panga, akakata ua wake mwenyewe kuwapitisha, mimi nikishika matawi na kuomba ardhi inimeze. Aliporudi akaketi, akafuta jasho.

"Wale kumi na wawili walikuwa wa gari," akasema. "Sasa tuanze wa watu."

Tukaelewana watano. Wawili mara moja, watatu baadaye.

Jioni tukateremka kwa bodaboda, maana mgeni wa mahari halali ukweni. Gari ndilo lililolala, siku kadhaa, mpaka Bosire aliporudi na jeki na mbao. Ua niliuziba mwenyewe. Pampu nilimlipa Bwana Mose kwa ndizi, mkungu baada ya mkungu, mpaka akaniambia hata wateja wake wamechoka. Makori na Kerubo wanakaa pamoja, na ng'ombe wawili kati ya wale watatu wamekwisha kufika Manga.

Amebaki mmoja. Ni mtamba, namlisha mwenyewe, hajatosha bado. Akitosha nitampandisha mlimani kwa miguu, yake na yangu, na Mzee Ombati akitusimamisha langoni aanze kuomba, aombe apendavyo. Huyu hazimwi.