Swali Lisilo na Adabu

Naikumbuka asubuhi moja, mwanangu, tangu niliposikia umepata kazi ya kutunga madodoso ya kupima tabia za watu. Keti kidogo.

Nilikuwa binti, nimeajiriwa na watafiti waliotaka kuchagua wanawake wa kuwasaidia wajawazito huku kisiwani kwetu Jibondo. Dodoso lao lilitungwa mbali, likafasiriwa tu. Unamsomea mtu, "Mimi ni mkarimu," naye ajibu ndiyo au hapana.

Nikamfikia shangazi yangu, Bi Mwanaisha, akianika mwani. Ndiye aliyenilea, na mtoto wa mtu akiugua mlango wake ndio uliogongwa kwanza. Nikamsomea.

"Hapana," akasema.

"Shangazi! Wewe si mkarimu?"

"Hapana. Haya, endelea."

Kila wema akaukana. Jirani yake, mchoyo hata wa kaa la moto, alikwishajibu ndiyo kote. Roho iliniuma, maana kazi ingekwenda kwa yule, na wajawazito ndio wangeumia. Nikaishika kalamu nimwandikie ndiyo.

Akanikamata mkono. "Usinitie kinywani neno nisilolisema. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nijisifu mbele ya watu? Swali lenu halina adabu, mwanangu. Kawaambie waliolitunga."

Nilikwenda, nikawaambia. Mkuu wetu, Mola amjaze kheri, alinisikiliza. Maswali yakatungwa upya, tukawauliza majirani: mtoto akishikwa na homa, unamwendea nani? Baada ya wiki kadhaa tukauliza tena, tuone kama majibu yanasimama. Kisha tukaangalia ni milango ipi hasa watu wanaigonga. Majibu na milango vikaafikiana, na shangazi akapewa kazi.

Basi, kabla hujampima mtu, lipime swali. Waulize wachache wamelielewaje, wala usione haya kulitupa. Lilinganishe na maisha yao. Jibu likikuchukiza, liache lilivyo. La kurekebisha ni swali.

Haya si ya vitabuni kwangu. Siku niliyokuzaa bahari ilichafuka, hatukuweza kuvuka kwenda hospitali, nawe ulitanguliza miguu. Mikono iliyokupokea ni ya yule aliyejibu hapana.

Mwenyezi Mungu akupe sikio la kusikiliza na kalamu yenye haya, na kila utakayemuuliza akuombee dua. Amin.