Mdundo wa Matanga kwenye Lango la Garimoshi

Ilikuwa saa nane na nusu mchana, Jumapili ninayoikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu, nilipoanza kupiga mdundo wa matanga mbele ya lango la uwanja hapa Nakuru. Hakuna aliyekuwa amekufa.

Nakueleza jambo hili, mwanangu, kwa sababu nimesikia wanataka kuihamisha tena timu yetu ya Garimoshi, na kwamba nyinyi vijana mmeshagawanyika. Wengine wanataka kususia mechi, wengine wanataka kuingia na kuimba, na wachache wanazungumza juu ya kuchoma matairi kule Salgaa, kwenye barabara kuu, ili malori yasimame na nchi nzima isikie. Njia hiyo ya kugawanyika nimeipita kabla yenu. Keti kidogo unisikilize, halafu uende kwenye mkutano wenu.

Siku zile Garimoshi ilikuwa bado timu ya kota za reli. Baba zetu, wengi wao wakitoka Magharibi ya Kenya, ndio walioianzisha baada ya saa za kazi za karakana, na walipotoka kwao walikuja na isukuti. Unajua isukuti ni ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na hazipigwi ila pamoja. Zetu zilitengenezwa na Mzee Mukhwana, fundi wa mabehewa, aliyezivika ngozi ya kenge kwa mikono yake. Kota zetu zilikuwa na desturi moja: ngoma hizo hazikulala nyumba moja. Kubwa ilikaa kwetu, ya kati kwa akina Shikuku, ndogo kwa mzee mwenyewe. Siku ya mechi kila mmoja alitoka na yake, tukakutana kwenye bomba la maji, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa ngozi kabla zote tatu hazijafika. Kutoka bombani tulipiga hadi uwanjani, na watu wakafuata nyuma. Nyumba zilizokuwa zimegombana zilipaswa kupatana kabla ya Jumapili, maana vinginevyo hapangekuwa na ngoma. Hayo nilikuja kuyaelewa nikiwa mtu mzima. Wakati huo niliona ni mazoea tu ya wazee.

Basi mwenyekiti wa timu akatangaza kwamba msimu ujao mechi za nyumbani zitachezwa Nairobi. Alisema uwanja wetu ni vumbi na mawe, jambo ambalo lilikuwa kweli, na kwamba kule kuna viti na taa. Tukaitana ukumbini. Shikuku, rafiki yangu tangu darasa la kwanza, alisimama akasema tuingie uwanjani mechi zote zilizobaki, tujaze kila nafasi.

"Wachezaji wamekosa nini?" aliuliza. "Lusweti amekosa nini?"

Lusweti alikuwa kipa wetu. Alizaliwa mlango wa tatu kutoka kwetu.

Mimi nikajibu kwamba kila tikiti tutakayonunua ni nauli ya kutuhamishia timu, kwa hivyo tubaki nje ya lango, uwanja uwe mtupu.

"Uwanja ukiwa mtupu, mwenyekiti atasema hatuna watu," Shikuku akasema. "Utakuwa umemfanyia kazi bure."

"Na wewe ukiingia utakuwa umemlipa."

Watu walicheka, wakapiga makofi pande zote mbili, na makofi yale yakatuharibu. Nilimwita kibaraka. Naye akaniambia mbele ya watu kwamba nataka timu ife ili nionekane nilikuwa na akili. Ukumbi ukatoka umegawanyika, wa ndani na wa nje, na hatukusemezana tena.

Jumapili ile hakuna aliyekwenda bombani. Shikuku alipita na ngoma ya kati, akaenda kwa mzee kuchukua na ndogo, akaingia nazo uwanjani. Mimi nikabeba ile kubwa hadi langoni, ambako wa nje tulikuwa tumeshakusanyika, wengi wetu tukipiga kelele tu bila kujua la kufanya. Ndipo mmoja akasema, "Kama wanaihamisha, basi imekufa. Piga ya matanga."

Nikapiga.

Mdundo ule kwetu una mahali pake. Unapigwa maiti ikiwa uani, na mtoto aliyelelewa kota anaujua kabla hajajua maneno yake. Mwanzoni watu walicheka. Kisha mmoja wa kina mama waliokuwa wakiuza njugu langoni akafunika beseni lake akaondoka. Mimi sikuacha. Ndani, Shikuku alijaribu kunizima kwa mdundo wa furaha, lakini zile mbili bila kubwa zilisikika kama mtu anayegonga debe. Tukashindana hivyo, yeye ndani na mimi nje, muda wote wa mechi. Garimoshi wakafungwa mabao mawili. Waliokuwa ndani walisema bao la pili lilikuwa mpira wa kudaka kwa mkono mmoja, lakini kipa alikuwa ameelekeza uso kwenye lango la nje, tuliposimama sisi.

Mwenyekiti alipotoka aliwakuta waandishi wa habari wakimsubiri. Nilikuwa karibu kiasi cha kumsikia kila neno. "Mmejionea wenyewe," alisema kwa upole kabisa. "Mashabiki wa Nakuru wameshaizika timu yao. Mimi naihamisha tu."

Nyuma yake akatoka Lusweti na begi lake. Alinijia moja kwa moja.

"Ulikuwa unanipigia mimi?"

"Hapana, ndugu yangu. Tulikuwa tunampigia mwenyekiti."

"Mwenyekiti haujui huo mdundo," alisema. "Mimi ndiye ninayeujua."

Mara ya mwisho kuupiga kabla ya siku ile, mwanangu, nilikuwa nimeupiga kwenye matanga ya baba yake, mwaka huohuo. Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo.

Kabla jua halijazama Mzee Mukhwana alifika kwetu. Alikataa hata chai. Aliingia, akaichukua ngoma kubwa kutoka kona yake, akaiangalia ngozi kama anayetafuta jeraha. Nilitegemea anitukane, lakini alisema polepole, "Umemzika mtu anayepumua. Halafu umemtumia mama yake Lusweti mdundo wa matanga ya mumewe. Na hujui hata ulitaka nini." Akaenda kwa akina Shikuku akachukua na zile mbili, na kabla hajafunga mlango wake alitangaza kwamba ngoma hazitatoka mpaka mimi na Shikuku tufike hapo pamoja.

Ilituchukua siku kadhaa kukubali kutembea njia moja. Tulipofika, mzee alitusimamisha nje akauliza nani alikuwa na haki. Sote wawili tukaanza kusema kwa wakati mmoja, naye akafunga mlango. Tukarudi kesho yake. Safari hii aliuliza swali jingine: "Mnataka nini?"

"Timu ibaki," Shikuku akasema.

"Timu ibaki," nikasema na mimi.

"Basi maneno mawili haya mngeyasema ukumbini." Akatoa ngoma. Lakini ile kubwa alimkabidhi Shikuku, nami akanipa ndogo, ile ambayo haiwezi kuongoza chochote. Tukacheka kwa mara ya kwanza tangu ule mkutano.

Mechi zilizobaki tuliingia sote. Tulikubaliana jambo moja: filimbi ya mwisho ikipigwa, hakuna anayeondoka mpaka mwenyekiti ashuke uwanjani ajibu mbele yetu. Hakuna jiwe lililorushwa. Alishuka, akaahidi kufikiria, akaihamisha timu vilevile.

Hapo ndipo wengi walitarajia tuchoke. Lakini kila Garimoshi ilipocheza "nyumbani" kule Nairobi, sisi tulikutana bombani kama kawaida, tukapiga hadi uwanja wetu uliofungwa, tukasimama langoni tukapiga mdundo wa kuipokea timu saa ileile mpira ulipoanza kule. Askari wa lango alituona wendawazimu.

"Sasa maboss, mnampigia nani? Humu ndani leo hata mbuzi hayuko."

"Wewe tunza funguo tu," Shikuku akamwambia. "Wenyewe wakirudi wasikupate umelala."

Tulikwenda na mvua, tukaenda na vumbi. Siku nyingine tulikuwa wengi, siku nyingine tulikuwa watatu, kila mmoja na ngoma yake. Msimu uliofuata timu ikarudi. Sitakudanganya kwamba ngoma ndizo zilizoirudisha. Wenyewe walisema viti vya Nairobi vilikuwa vitupu na kodi ya uwanja ilikuwa kubwa. Ninachokijua kwa hakika ni kwamba iliporudi ilikuta watu, tena watu wamoja, na nimeona timu nyingine zikirudi zikakuta mashabiki wameshakuwa maadui wawili, zikafa kwa hilo.

Lusweti hakurudi nayo. Alipata timu nyingine huko Pwani. Tunasalimiana vizuri, lakini mama yake alipofariki, aliomba ngoma kubwa ipigwe na mtu mwingine. Nilikaa nyuma pamoja na waombolezaji, mikono yangu magotini. Alikuwa na haki.

Kwa hivyo nakuambia hivi, mwanangu. Pingeni kuhamishwa. Pingeni mpaka mwisho, wala asiwepo wa kuwaambia mnyamaze kwa sababu ni mpira tu. Lakini mkiingia mkutanoni, swali la kwanza lisiwe ndani au nje. Liwe mnataka nini. Mkishalijibu kwa mdomo mmoja, hata mkiamua kukaa nje mtakaa nje wote, na mwenyekiti atajua anaongea na nani. Mwenzako akipendekeza njia nyingine, usimwite kibaraka, maana kesho utahitaji ngoma iliyo nyumbani kwake. Dereva wa lori aliyekwama Salgaa hajawakosea kitu, msimgeuze adui. Na kabla ya kufanya lolote kwa jina la wachezaji, nendeni mkawaulize litawafikiaje kule walipo, katikati ya uwanja.

Zaidi ya yote, msiizike timu yenu kwa mikono yenu. Wako watu watakaoifanya kazi hiyo kwa furaha, na wanasubiri tu mwanze nyinyi.

Ngoma ndogo bado iko kwangu, nyuma ya mlango. Bomba lilikauka zamani, lakini nguzo yake imesimama, na Shikuku na mimi tutakuwa hapo Jumapili. Mungu awape nguvu ya miguu na subira ya moyo. Awape sauti moja, na marafiki mtakaogombana nao mchana na kupatana nao kabla ya jioni. Na siku timu itakaporudi, au itakapokataa kuondoka, iwakute langoni mkiwa wote, ngoma zote tatu zikilia pamoja.