Ndizi za Rubisi Kwenye Koili

Gaudiosus alikuwa fundi redio tu pale Rugera, mpaka alipokabidhiwa mashine ya upepo iliyofua umeme wa kuvuta maji kutoka bondeni hadi kijijini, juu kilimani. Wakaanza kumwita Bwana Upepo, na yeye, tusifichane, kichwa kilimvimba kidogo. Lakini hakuipenda mashine kwa ajili ya jina. Mkewe Agnetha aliwahi kuvunjika nyonga kwenye njia ya bondeni, ndoo kichwani, na tangu maji yafike juu hakuteremka tena.

Mashine ile haikuwa na mwendo mmoja. Upepo ukiongezeka, mapanga yake ya kuzunguka yaliachiwa yakimbie; ukizidi, kisanduku cha kuyaongoza kiliyabana kwa kumwaga umeme wa ziada kwenye koili, nyaya za kupasha joto, zilizofungwa ndani ya kibanda chini yake. Koili zilichemka, kibanda kikapata joto la jikoni. Gaudiosus aliyajua yote hayo. Ndiyo maana inauma.

Mwezi wa kumposea mtoto wao Edgar, mvua haikukatika. Shimo la kuivishia ndizi za rubisi likajaa maji, na ukweni hakuendwi bila pombe hiyo. Basi akazipanga ndizi kuzizunguka koili, akazifunika kwa majani ya mgomba, vilevile kama zinavyofunikwa shimoni. Ziliiva vizuri mno. Kisha upepo ukaja. Koili zilizozibwa zikaungua, kisanduku kikakosa pa kumwagia umeme, na mapanga yakakimbia mpaka yakavunjika.

Watu wa mradi ulioleta mashine walikuja, wakapiga picha, wakasema mradi ulishafungwa. Gaudiosus alikata tamaa palepale, amesimama mbele yao.

Hakuna mwanakijiji aliyemtukana. Afadhali wangemtukana. Walimpa pole, wakachukua madumu, wakashuka bondeni. Yeye akaapa kwamba Agnetha hatagusa dumu, akawa anateka maji ya nyumbani mwenyewe.

Asubuhi moja alimkuta Agnetha katikati ya mteremko, ameegemea jiwe, dumu limejaa miguuni pake, uso umekunjamana kwa maumivu. Akalishika lile dumu kwa hasira.

"Si nilikukataza, mama Edgar? Hili nabeba mimi."

Agnetha akamtoa mkono taratibu. Jirani yao, bibi Laurensia, alikuwa akipanda na dumu lake, anahema. Gaudiosus akamwamkia shikamoo. Bibi akaitikia bila kumtazama, akapita.

"Na la bibi, baba Edgar, utambebea? Na la mwenzake anayekuja nyuma?"

 Gaudiosus alisogea pembeni kuwapisha, kwa sababu njia ni nyembamba na wanawake walikuwa wengi.