Mkwe Aliyeuliza Ghala Lilikuwa Wapi

Mjukuu wangu wa kike aliniuliza juzi mtu anajifunza vipi kuandika kitabu. Nilipoanza kumjibu akacheka, maana anajua niliacha shule darasa la tatu. Nikamwambia acheke amalize. Baba yake, ndiye mkwe wangu, akimweleza atatumia maneno marefu. Mimi nitasema nilichosikia mwenyewe kupitia ukuta wa jiko langu.

Ilikuwa miaka ya miwa. Ukisimama kwetu ukaangalia upande wa Butere ni miwa, ukigeukia Malava ni miwa. Watu walijenga nyumba za mabati, wakanunua baiskeli, na trela zilimwaga miwa barabarani mpaka ng'ombe wakaanza kuichagua. Mkwe wangu alikuwa chuo kikuu Nairobi. Alitakiwa kuandika utafiti juu ya vile miwa ilivyobadilisha maisha ya nyumbani, basi likizo ilipofika akaja na binti yangu ili aniulize mimi.

Asiyejua desturi yetu aelewe hapa. Mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawaketi chumba kimoja, hawali pamoja. Nikimwona njiani nilikuwa naingia kwenye miwa mpaka apite. Kwa hiyo yeye aliketi nje, mgongo kwenye ukuta wa jiko. Mimi nilikaa ndani karibu na mafiga. Binti yangu aliketi mlangoni, akipokea maneno huku na kuyapeleka kule, ingawa sote tulisikia kila kitu.

"Muulize mama, miwa ilipofika maisha yenu yalibadilika namna gani?"

"Mama, anauliza..."

"Nimesikia. Mwambie yalibadilika vizuri."

"Mama anasema..."

"Nimesikia," akasema mkwe.

"Sasa mimi hapa ni mtu ama ni waya wa simu?" binti yangu akauliza.

Likizo nzima nilimjibu hivyo. Tulikula vizuri, tuliishi vizuri, marehemu mzee wangu, baba watoto, alikuwa mwema. Mama mkwe hamwambii mkwe habari za njaa, ni sawa na kuvua nguo mbele yake. Akaandika yote kwa mwandiko safi, akarudi Nairobi.

Mwalimu wake akamrudishia. Akamwambia humo ndani hamna watu, mna sifa tu, na asipoleta kazi nyingine chuo kikifunguliwa tena, nafasi yake imekwisha. Kwao hakuna aliyewahi kufika chuo kikuu kabla yake. Likizo iliyofuata binti yangu alinipa habari hizo huku akimenya viazi, bila kuniangalia.

Nilingoja mkwe aje kunilaumu. Mwingine angelaumu. Yeye alikuja, akaketi pale pale. Habari za maisha hakuuliza tena.

"Muulize mama, ghala la mahindi lilisimama wapi?"

Nilikuwa nasonga obusuma, ugali wetu. Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. Ghala ni kitu tu, hakuna heshima inayokataza kutaja mahali pake.

"Mwambie hapo alipokaa."

"Lilienda wapi?"

"Mzee alilibomoa."

"Akaweka nini mahali pake?"

"Miwa. Ilifika mpaka ukutani. Upepo ukivuma, majani yalikuwa yanakwaruzanga huu ukuta, unadhani mtu anabisha."

Basi maneno yakatoka. Kwamba mzee alipanda miwa mpaka mlangoni kama jirani zake wote, akidhani pesa zitanunua chakula. Kwamba miwa hukaa shambani zaidi ya mwaka, na tumbo halingoji. Kwamba pesa zilipofika alinunua redio, nami nikawa nakwenda sokoni Malava kununua mahindi ya kutoka Lugari, nikipimiwa kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili, mimi niliyekuwa nikiuza mahindi yangu. Kwamba kuna jioni watoto walitafuna miwa wakalala. Hakuniuliza hata mara moja nilijisikiaje. Aliuliza redio iliwekwa wapi, na watoto walitupa wapi makapi ya miwa. Mjukuu wangu ashike hilo: usimuulize mtu moyo wake ulikuwaje, muulize vitu vyake vilikaa wapi. Moyo utakuja wenyewe nyuma yavyo.

Mwishowe nilisahau kupitisha maneno kwa binti yangu. Nikawa nasema na ukuta, na ukuta unanijibu kwa adabu.

"Mimi naenda kisimani," binti yangu akasema. "Naona mnawezana."

Jambo la pili ninalomheshimia ni hili. Kabla ya kupeleka kazi yake, alinisomea yote, yeye nje, mimi ndani. Mahali pamoja alikuwa ameandika mzee wangu ameikumbatia redio akicheka, na watoto wanalia miguuni pake. Ilisikika vizuri sana. Lakini haikuwa hivyo.

"Mwambie mzee hakucheka. Redio aliniletea mimi, nisikie ibada nikipika. Na jioni alikuwa anasemanga ameshiba kwa rafiki yake, ili sahani yake irudi kwa watoto."

Nikasikia kalamu yake ikigonga karatasi.

"Hiyo ndiyo sentensi niliyoipenda kuliko zote," akasema.

"Mwambie aendelee kuipenda, lakini aifute."

Aliifuta. Nimeona watu wenye elimu wakishindwa kufuta hata salamu.

Mwalimu aliikubali ile kazi, na mkwe wangu akabaki chuoni. Siku alipokuja na habari hiyo nilichinja ingokho, kuku wa nyumbani, nikampelekea firigisi kama anavyopewa mwanamume wa heshima. Akaila nje, mimi nikala ndani. Baadaye alitunga na hadithi, ya watu ambao hawakuwahi kuishi popote. Hata hao aliwafanyia vile vile. Binti yangu aliniambia hakuandika neno mpaka alipojua ghala lao lilikuwa upande gani wa boma.

Jioni ile ya ingokho, kabla hajaondoka, sauti yake ilikuja tena ukutani. Alikuwa ameambiwa utafiti wake utachapishwa.

"Muulize mama, niandike jina lake?"

Niliwafikiri majirani, nikamfikiri mzee wangu na sahani yake.

"Mwambie jina asiliweke," nikasema. "Ghala asilitoe."